Umeupokea kwa Nani?

Hasira zangu hazikuanzia kwenye bango, lakini bango ndilo lililozitoa nje. Nililikuta limebandikwa mlangoni mwa duka la ushirika, nimekwenda zangu kununua maziwa na kahawa. Picha kubwa ya kaka yangu Sveinung, uso kaupaka chaki na masizi, nywele mpaka kiunoni. Mtu ana wajukuu na bado anajipaka masizi. Chini yake jina la bendi yake ya muziki wa metali, kwa yale maandishi yao yaliyosokotana kama mizizi ya mti ambayo hata wao wenyewe sidhani kama wanayasoma. Halafu, kwa herufi za watu wa kawaida: Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa kijiji, pamoja na chama cha wapiga fidla wa bonde, kwaya ya kanisa, na mpiga saksafoni kutoka Oslo. Wimbo mkuu: "Kengele ya Kondoo", kutoka kwa Gjermund Lien.

Gjermund Lien ni baba yetu. Alishafariki, Mungu amrehemu, na hapo nasema huku nimeuma meno. Nililibandua lile bango, nikalikunja, nikalitia mfukoni. Mwenye duka aliniona, akaendelea kupanga maziwa. Ananijua.

Wimbo ule si wa baba. Kwetu bondeni mtu hapigi wimbo wa fidla bila kusema ameupokea kwa nani. Nyimbo zetu hatukuzisoma kwenye karatasi, tumezipata kwa masikio, mtu kwa mtu, jikoni na harusini. Kwa hiyo unasimama, unashusha fidla, unasema: huu nimeupokea kutoka kwa fulani wa shamba fulani. Ndipo unapiga. Ukijisahau, wazee walioko nyuma watakuuliza, tena kwa sauti: umeupokea kwa nani? Mpiga fidla asiye na jibu la swali hilo ni mwizi tu aliyevaa kizibao cha sherehe.

Na baba aliupokea kwa mama. Mimi na Sveinung tulikuwepo jikoni, tuliona kwa macho yetu. Baba ndiye aliyekuwa bingwa, makombe yake yamejaa kabatini, lakini mama naye alikuwa na fidla yake, imetundikwa kwenye chumba cha maziwa, na mama ndiye aliyekuwa akimsahihisha. "Hapana, Gjermund, shusha uzi wa chini. Shusha zaidi. Haya, twende. Hapa anacheka." Katikati ya ule wimbo pana mahali upinde unaruka mara tatu, kama mtu aliyepaliwa na kicheko, na kila ulipofika hapo mama alisema vilevile: hapa anacheka. Tulidhani anaisema fidla, maana kwetu fidla husemwa kama mwanamke.

Baba akaenda kuupiga kwenye mashindano ya taifa. Akarudi na kombe, na wimbo ukarudi na jina lake. Tangu siku hiyo bonde zima linaupiga "kutoka kwa Gjermund", na ule mtindo wa kuulegeza uzi wa chini, ambao hakuna mwingine huku aliyekuwa nao, wataalamu wakaupa jina lake pia. Watu walikuja nyumbani kumpongeza. Mama akawamiminia kahawa.

Mama yu hai. Anaitwa Aslaug, ana miaka themanini na sita, anaishi nyumba ya wazee pale juu ya kanisa, na daktari alishatuambia moyo wake umechoka, tusipange mambo ya mbali. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu: jina lake litamkwe mbele ya watu masikio yake yakiwa bado yanasikia. Basi. Sikuomba kombe wala sanamu.

Alhamisi ulikuwa msaragambo wa kuandaa ukumbi, na kwetu msaragambo hauna udhuru. Hata kama mmegombana hadi kwa wakili, utakuja na ufagio wako. Nikaenda. Wakina mama wa kwaya walikuwa jikoni wanachoma vafeli, zile keki zetu bapa za sherehe, wanaume wanabeba viti, vijana wa Sveinung wenye fulana nyeusi wanavuta nyaya huku na huku, wapole kama kondoo. Ndivyo walivyo hao wa muziki wa metali: jukwaani wanaita mashetani, nje wanakuuliza kama mgongo hauumi. Yule binti wa saksafoni, Ragnfrid, alikuwa ameketi sakafuni bila viatu, anapuliza sauti moja ndefu isiyokwisha. Jazi ya Oslo hiyo. Ukisubiri ianze unakuta imekwisha.

Sveinung alikuwa juu ya jukwaa, amepiga magoti, anahangaika na spika.

"Shuka," nikamwambia.

Akanitazama, akashuka taratibu. "Dada Gunlaug. Mbona uso hivyo? Nani kakukanyaga?"

Nikatoa bango mfukoni, nikalikunjua mbele yake.

"Kumbe ni wewe unayebandua," akasema. "Mwenye duka kaniambia ni upepo."

"Soma hapo chini."

"Najua kilichoandikwa."

"Basi kama unajua, nieleze. Wimbo wa mama umekuwaje wa baba?"

Akashusha pumzi. Kaka yangu ana sauti mbili: ile ya jukwaani inayotikisa vioo, na hii ya nyumbani ambayo inabidi umsogelee kuisikia. "Dada, haya tuliyaongea siku ya mazishi."

"Tuliyaongea. Ukasema utafikiri. Umefikiri?"

"Sahani ya santuri imeshatoka kiwandani. Kule Ujerumani wameshaanza kuiuza. Imeandikwa baba."

"Sahani imetoka kiwandani. Mdomo wako haukutoka kiwandani. Jumamosi sema mama."

"Nikisema mama, nimemwita baba mwongo mbele ya bonde lake. Mtu hayuko hata kujitetea."

"Alikuwa na miaka arobaini ya kujitetea, na kila mwaka alisema 'wangu' na kupigiwa makofi."

Hapo Tarald Moen akasogea, ana kiti mkononi. Tarald ndiye mwenyekiti wa chama cha wapiga fidla, mwalimu mstaafu, mtu wa utaratibu. Utaratibu ni ugonjwa wake. "Kwa kawaida yetu," akasema, "wimbo huchukua jina la aliyeupiga hadharani. Aslaug hakuwahi kupiga hadharani."

"Angepigaje hadharani, Tarald? Chama chenu kilikuwa hakitaki mwanamke. Alikuwa jikoni hapo anawachomea vafeli."

"Hiyo ni zamani."

"Zamani ipi? Mimi mwenyewe nilikuja na kodiani yangu nikiomba kuingia. Mkasema nini?"

Tarald akakiweka kiti chini, akakinyoosha ingawa kilikuwa kimenyooka. "Tulisema kodiani si chombo cha chama."

"Mlisema ni chombo cha kambi za watalii. Nina masikio."

"Lakini dada," Sveinung akaingilia, na alishaanza kucheka kidogo, na huko kucheka ndiko kulikonimaliza, "bila kukuvunjia heshima, wewe unapiga dansi kwenye meli ya kwenda Denmark. Watu wanaserebuka na kamba wa baharini mdomoni. Usije ukatufundisha mila."

"Wanaocheza kwangu angalau wanajua mguu upi unatangulia. Kwako wanagongana vichwa."

Vijana wa fulana nyeusi wakacheka, kisha wakakumbuka bosi wao ni nani wakaacha. Ragnfrid akaishusha saksafoni yake. "Samahani," akasema, kwa ile lafudhi ya mjini, "mama mwenyewe anasemaje?"

"Mama anasema hakuna haja ya kelele," nikamjibu. "Wanawake wote wa bonde hili wanasema hivyo, mpaka wanazikwa na neno hilo."

"Sawa. Niliuliza tu."

"Puliza saksafoni yako, binti."

Sveinung akalichukua lile bango mkononi mwangu, akalinyoosha juu ya paja lake kwa kiganja, polepole. "Sikuahidi kitu, Gunlaug," akasema. Nikamwambia mimi ndiye ninayemwahidi kitu. Nikapanga viti vilivyobaki, kwa sababu msaragambo ni msaragambo, nikavibamiza kila kimoja sakafuni mpaka wakina mama wakachungulia kutoka jikoni. Sikula vafeli zao.

Kesho yake mchana nikaenda kwa mama. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini, vidole vyake vimepindapinda kama tangawizi. Fidla hawezi kuishika tena. Lakini nimewahi kumwona, redio ikipiga wimbo wa kwetu, vidole vya mkono wa kushoto vinatambaa vyenyewe juu ya blanketi. Nikamkatia kipande cha jibini ya kahawia, nikamwekea juu ya mkate, nikammiminia kahawa.

"Kesho nakuja kukuchukua saa saba," nikasema. "Utakaa mstari wa mbele kabisa. Watasema jina lako."

"Kasema nani?"

"Nimesema mimi."

"Hakuna haja ya kelele, Gunlaug."

Nikaweka birika chini kwa nguvu, kahawa ikaruka. "Haja ipo, mama. Mimi nimechoka. Nimeupiga ule wimbo kwa kodiani kwenye harusi, na kila mara kuna mzee atanijia na bia yake aniambie, 'Ah, wa Gjermund huo.' Wa Gjermund. Naona kama namezeshwa kokoto. Ulimfundisha uzi kwa uzi, mimi nipo pale chini ya meza. Halafu ukakaa kimya. Miaka yote umekaa kimya. Hukukasirika hata siku moja?"

"Nilikasirika," mama akasema.

"Haikuonekana."

"Nilikasirika sana." Akakitazama kikombe. "Ule wimbo, Gunlaug, mimi ule wimbo—"

"Ni wako. Usianze tena kuuweka kando, mama, utanitia wazimu. Ni wako na kesho watasema ni wako, Sveinung apende asipende, na Tarald na utaratibu wake nitamkalia kooni."

Mama akafunga mdomo. Nje walikuwa wanawashusha kondoo kutoka milimani, ndiyo majira yake, na kengele zilisikika barabarani zikikaribia na kupita. Alisikiliza mpaka zikaisha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wewe ni mtoto wa baba yako haswa."

Lilinichoma hilo. Nilikunywa kahawa yangu kwa funda moja, nikambusu kichwani, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nagombana naye ndani ya gari, na ndani ya gari nilikuwa nashinda.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Hujapata kuona. Upande huu wazee na mavazi yao ya sherehe, vifungo vya fedha vinametameta, upande ule mashabiki wa Sveinung waliotoka mbali, makoti ya ngozi nyeusi na tatuu mpaka shingoni, na kati yao mabibi wanawauliza kama wameshakula. Nilimsukuma mama kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mbele kabisa. Amevaa vazi lake la bluu, skafu ya hariri, blanketi na fimbo yake magotini. Watu walikuwa wanainama kumsalimu: mjane wa Gjermund, mama wa Sveinung. Jina lake hakuna aliyelitaja. Kila salamu nikaihesabu moyoni, nikaitia kwenye gunia langu la hasira.

Kwaya ikaimba zaburi. Ragnfrid akapuliza, na nakiri binti anajua, ingawa sikuwa na nafasi ya kufurahi. Kisha wapiga fidla wakapanda, Tarald mbele, na Sveinung na vijana wake nyuma yao na magitaa. Nikasikia wanalegeza nyuzi za chini, fidla moja moja. Mama naye alisikia. Mgongo wake ukanyooka.

Sveinung akasogea kwenye maikrofoni. Alinitazama. Nami nikamtazama, na macho yangu hayakuwa na utani.

"Wimbo unaofuata ni 'Kengele ya Kondoo'," akasema kwa ile sauti yake ndogo. Nikadhani, sasa. Nikadhani, kaka yangu huyu, nilimfunga viatu siku ya kwanza ya shule. "Nimeupokea kutoka kwa baba yangu, Gjermund Lien."

Wakapiga makofi. Nikasimama.

"Uongo," nikasema.

Sikuhitaji maikrofoni. Nimepiga dansi kwenye meli zenye injini chini ya miguu, nina sauti. Makofi yakafa vipandevipande.

"Gunlaug, kaa chini," Tarald akasema.

"Sikai. Nimekaa tangu nizaliwe. Wimbo huo baba aliufundishwa na mke wake, jikoni, na huyo hapo kaka yangu anajua kwa sababu tulikuwa wote chini ya meza. Yule mwanamke hajafa. Amekaa hapo mbele yako, Sveinung, umbali wa kutema mate. Na kila mwaka mnasimama hapo na vizibao vyenu mnasema Gjermund, Gjermund. Umetoka kwa Aslaug Lien. Aslaug. Semeni sasa nisikie."

Huko nyuma mwanamke mmoja akapiga makofi. Akafuata mwingine, wakina mama wa jikoni wakatoka na aproni zao, nao wakapiga, na mwisho hata wale wa makoti ya ngozi wakapiga bila kujua wanachopigia. Sveinung amesimama pale, masizi usoni, huwezi kujua kama amekasirika au anataka kulia. Machozi yalikuwa yananitoka mimi. Nikageuka nimwone mama.

Mama alikuwa amekunja uso kwa hasira, wekundu umempanda mpaka kwenye paji. Akaichukua fimbo akaipiga sakafuni. Akaipiga tena. Makofi yakakatika.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Ona. Ukumbi mzima wa wapiga muziki," mama akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini kila mtu aliisikia, "wa fidla, wa magitaa, wa kodiani, wa kanisa. Na hakuna hata mmoja anayekumbuka swali."

Nikalijua swali. Nililitoa kwa shida.

"Mama. Umeupokea kwa nani?"

"Kwa Lovise."

"Lovise wa shamba gani?" Tarald akauliza kutoka jukwaani, kwa mazoea tu.

"Hakuwa na shamba. Lovise Fredriksen. Tatere."

Wageni labda hawakuelewa. Lakini sisi wa bonde tulielewa, na waliokuwa na umri wa mama wakaanza kutazama viatu vyao. Tatere ndivyo tulivyowaita watu wa njiani, wale waliopita na mikokoteni yao wakiuza vyungu vya bati na lesi. Ilikuwa mtoto akileta utundu anaambiwa atapewa tatere. Na kuku akipotea, jibu lilikuwa linajulikana kabla kuku hajatafutwa.

"Nilikuwa na miaka kumi na tano," mama akasema. "Niko peke yangu kwenye kibanda cha mlimani na mbuzi. Akapanda kwangu na mtoto mgongoni na fidla ndani ya gunia. Ana homa, hawezi kusimama. Nikamlaza. Alipopata nguvu akanifundisha, hiyo ndiyo ilikuwa ahsante yake. Mnasema uzi wa Gjermund. Uzi gani wa Gjermund. Fidla ya Lovise ilikuwa na ufa, uzi wa chini ukikazwa ingepasuka, ndiyo maana akaulegeza. Na pale katikati mnaporukisha upinde, mtoto alikuwa anamvuta sketi, akawa anacheka huku anapiga. Niliupokea na kicheko chake. Sikujua kukitoa."

Nilikaa. Hapa anacheka. Hakuwa akiisema fidla.

"Halafu polisi wa bonde akapanda," mama akaendelea. "Na baba yangu mbele yake, anamwonyesha njia. Walimchukua mtoto, wakampeleka kwenye nyumba ya watoto. Lovise wakampeleka hospitali wakamfanyia kile walichokuwa wanawafanyia wanawake wa tatere, asizae tena. Ninyi wenye mvi mnajua. Msijifanye mnakohoa." Akapumua. "Kabla ya mashindano Gjermund aliniuliza. Yeye aliuliza. Nikamwambia, kwa Lovise. Akasema, siwezi kutaja tatere mbele ya waamuzi, nitataja wewe. Nikamwambia, langu usilitie. Ukilitia langu sikai na wewe nyumba moja. Akatia lake. Nikamkasirikia mpaka siku ya kumzika. Lakini aliuliza."

Kisha akanigeukia, na ile hasira yote ikaniangukia mimi.

"Wewe umepiga kelele. Miaka nenda miaka rudi, kelele kwa ajili yangu. Jana nilifungua mdomo ukanifunga. Umetaka kunivalisha nguo ya mtu mwingine, na makofi juu."

Nikalivuta blanketi lake lililokuwa limeteleza, nikalirudisha magotini.

Tarald akakohoa. "Aslaug," akasema kwa upole, "haya ni mazito. Nadhani kamati ikae kwanza, tuyaangalie, tuone namna ya kuandika. Leo tupige tu kama ilivyo kwenye—"

"Semeni jina lake," mama akasema, "au fungeni masanduku yenu mkanywe kahawa."

Hakuna aliyefunga sanduku. Hakuna aliyesema pia. Nikamwona Tarald anatazama chini ukumbini, kwa wale wa umri wake, kama anaomba ruhusa. Na mimi ndipo hasira ikanirudia, nyingine kabisa, haina hata mtu mmoja wa kumwelekea, nikawa nataka kumgonga kila aliyekuwa amevaa vifungo vya fedha, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Sveinung akamsogeza Tarald kando. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akavuta pumzi kutoka tumboni, na akalitoa jina la Lovise Fredriksen kwa ile sauti yake ya jukwaani. Vioo vikatikisika. Mtoto mmoja akaanza kulia. Wale wa makoti ya ngozi wakainua ngumi juu.

"Lovise hakuwa kiziwi," mama akasema. "Sema kama mtu."

Watu wakacheka, kicheko cha kupata hewa. Sveinung akajipangusa uso kwa mkono, masizi yakatapakaa. Akaishusha sauti hadi ile ya nyumbani.

"Wimbo huu," akasema, "baba aliupokea kwa mama. Mama aliupokea kwa Lovise Fredriksen. Kule mlimani."

Wakapiga. Magitaa yaliingia chini, mazito, fidla juu yake, na Ragnfrid akaishikilia sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho, na safari hii nilielewa ilikuwa ya nini: ilikuwa imewabeba wote, fidla na magitaa. Walipofika katikati upinde ukaruka mara tatu. Nikainama hadi sikioni kwa mama. Nilishajifunza, nikajiambia, sasa mimi ni mtu wa kuuliza.

"Mama, na yule mtoto aliyekuwa akivuta sketi. Aliitwa nani?"

Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinatambaa juu ya blanketi, vinafuata wimbo. Vikasimama.

"Sikumuuliza," mama akasema.